Aliyekuja Kumwogesha Edina

Asubuhi ile nesi Yasinta aliingia chumbani na beseni la maji ya vuguvugu, akamkuta Edina ameshaogeshwa.

Wala hakuwa amejipangusa mwenyewe, kama wafanyavyo wagonjwa wakichoka kusubiri. Alikuwa safi hadi katikati ya vidole vya miguu. Shuka limenyooshwa, halina mkunjo hata mmoja. Vidonda vya mgongoni vimefungwa bandeji mpya. Nywele zake, zile chache zilizobakizwa na ugonjwa, zilikuwa zimesukwa mistari myembamba iliyolala vizuri kichwani.

"Nani kakuogesha?" Yasinta akauliza.

"Yule dada wa zamu," Edina akajibu kwa sauti ya mtu aliyeshiba usingizi. "Mikono yake baridi, lakini ana huruma. Kaniimbia."

Aliyemkabidhi Yasinta zamu asubuhi hiyo alikuwa Petro, mwanamume wa miraba minne ambaye tangu azaliwe hajasuka kichwa cha mtu. Yasinta akaweka beseni chini. Ndipo alipoisikia ile harufu: harufu ya ardhi kavu inapopigwa na mvua ya kwanza. Akachungulia dirishani. Nje jua lilikuwa linachoma, na upepo wa kiangazi cha Mpwapwa ulikuwa unaburuta vumbi jekundu uwanjani. Mvua ilikuwa bado mbali sana, na mabomba ya hospitali nzima yalikuwa makavu. Maji ya kuogeshea wagonjwa yalikuwa yakiletwa na gari la boza.

Alijiambia Petro atakuwa amemwomba mtu amsaidie. Akachukua beseni lake, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Wodi ya pembeni, ndivyo walivyoiita. Ilikuwa safu ya vyumba vidogo nyuma ya hospitali, vyote vikifunguka kwenye baraza moja refu, na humo walilazwa watu wazima ambao miili yao imeshindwa kujilinda, pamoja na wale wenye maradhi ya kuambukiza yaliyohitaji kutengwa. Edina alikuwa wa kundi la kwanza. Alikuwa na ugonjwa wa lupasi. Daktari Denis aliwahi kumweleza kwa lugha nyepesi: kinga ya mwili ni kama askari wa boma, na askari wake yeye wamegeuka, wanamshambulia mwenye boma. Dawa alizokuwa anapewa ziliwalaza askari hao usingizi. Figo zilipata nafuu, lakini boma likabaki bila mlinzi. Mafua ya mtu mwingine, kwake yalikuwa kifo.

Kwa hiyo Yasinta mwenyewe ndiye aliyebandika mlangoni kwa Edina karatasi iliyoandikwa HAIRUHUSIWI KUINGIA. Alifanya vile kwa kumpenda. Mwanzoni ndugu walikuja, wakasimama barazani, wakapunga mikono kupitia dirishani. Kisha wakapungua. Mumewe, Geofrey, aliyekuwa kibarua kwenye mashamba ya zabibu kule Makutupora, alikuja mara ya mwisho msimu wa mavuno. Alisimama mbali na dirisha, kofia mkononi, akimwangalia mkewe kama anayeangalia nyumba iliyoungua. Hakurudi tena.

Chumba kilichofuata alilala mzee Batholomeo, mstaafu wa reli kutoka Gulwe, mwenye kifua kikuu sugu. Yeye alitengwa ili asiambukize watu, na Edina alitengwa ili watu wasimwambukize. Ukuta mmoja tu uliwatenganisha.

"Shikamoo baba," Yasinta alimsalimu alipompelekea vidonge vyake, barakoa imembana usoni.

"Marahaba mwanangu. Maji yamerudi?"

"Bado, baba."

Mzee akakohoa, akafuta mdomo. "Basi huyo anayemwaga maji hapo kwa jirani anayatoa wapi? Nayasikia tangu juzi. Yanamwagika, yanakamuliwa, yanamwagika tena. Na wimbo. Sijui wa kabila gani."

Yasinta alimhesabia vidonge, kisha akavihesabu upya.

Alimweleza Daktari Denis. Daktari alikuwa kijana mwema aliyechoka, wodi tatu mikononi mwake, macho mekundu.

"Zile dawa kwa dozi kubwa huchezea akili, Yasinta. Anaweza kuona watu. Tumeliona hilo mara nyingi."

"Na nywele, daktari? Nazo zimejisuka?"

Denis akafikicha macho. "Kuna mtu anamsaidia, basi. Tushukuru. Wewe niambie joto lake likoje."

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Joto la Edina lilikuwa linashuka. Kila alipokutwa ameogeshwa, kipimajoto kilisoma chini zaidi. Hakuwa na homa, hakutetemeka, hakulalamika. Damu ilipopelekwa maabara, majibu yalirudi hayana jipya. Alikuwa anapoa tu, kama chai iliyosahauliwa mezani. Walimfunika mablanketi, wakamwekea chupa za maji ya moto, wakambadilishia dawa. Chupa za moto zilipoa haraka mno, na Yasinta alipozitoa chini ya blanketi zilikuwa baridi kama zimetoka kisimani.

"Hata siumwi, sista," Edina alisema, akitabasamu. "Akishaniogesha siumwi popote. Ninyi mnanigusa kwa glovu. Yeye ananigusa kwa mkono."

Neno hilo lilimchoma Yasinta. Lilikuwa kweli.

Siku hiyo, jua likielekea kuzama, alikuwa anapita barazani na trei ya dawa, na upepo ulikuwa umetulia ghafla, hata mbuzi waliokuwa wakilia ng'ambo ya uzio wakanyamaza. Akasikia maji. Akasogea dirishani kwa Edina polepole, akachungulia kupitia kwenye wavu wa mbu, na aliona mkono wa Edina umeinuliwa juu, umelegea, hakuna anayeushika, na maji yanauteremka kutoka kwenye kiganja hadi kwapani, maji yasiyotoka kwenye chombo chochote, na kitambaa kinapita juu ya ngozi taratibu kama mama anavyomwosha mtoto mchanga, na pembeni ya kitanda, pale ambapo kwanza aliona ukuta mtupu, akaanza kuona mgongo, mgongo wa mwanamke aliyeinama, uliolowa, mweusi kama jiwe la mtoni, na huo mgongo ukaacha kutikisika kama mtu aliyegundua anatazamwa, na kichwa kikaanza kugeuka, polepole, kikigeuka kupita pale ambapo shingo ya binadamu hukomea.

Trei ilimponyoka. Alijikuta ameketi chini, vidonge vimetapakaa, na Mwanaidi, mhudumu wa usafi, amemshika mabega.

"Umekiona," Mwanaidi alinong'ona. Haikuwa swali.

"Wewe umekionaje?"

"Mimi napiga deki hapa kila siku, dada. Nakausha sakafu ya chumba kile, na sakafu inalowa tena. Nilikuwa nasoma dua zangu na kufunga mdomo. Nani angeniamini?" Akatazama mlango wa Edina. "Kuna bibi mmoja namjua, Bibi Anyesi. Ni Mkristo wenu, kanisani haachi, lakini mambo haya Mungu kamjalia. Hachukui kitu kwa mtu. Nimwite?"

Yasinta alikuwa na cheti ukutani na miaka kumi ya kazi. Akasema, "Mwite."

Bibi Anyesi alikuja kesho yake mchana kwa bodaboda, kikongwe mwembamba amejifunga mgolole mweusi. "Mbukwa," alimsalimu kwa Kigogo kila aliyemkuta barazani. Mlangoni kwa Edina alinawa mikono kama alivyoelekezwa, akavaa barakoa bila kubisha.

"Dawa za daktari asiache hata moja," alisema kabla ya yote. "Ugonjwa ni wenu. Mimi nimekuja kwa huyo mwingine tu."

Akaketi kando ya kitanda. Akanusa hewa. Kisha akasema na Edina kwa Kigogo, maneno machache ya upole, na Edina akafumba macho. Aliyejibu hakuwa Edina. Sauti ilitoka kinywani mwake, lakini midomo haikucheza, na ilisikika kana kwamba mtu anaongea kutoka ndani ya pipa.

"Nani amekutuma?" Bibi Anyesi aliuliza.

"Sikutumwa. Nilikuwepo."

"Ulikuwepo wapi?"

"Kisimani. Hapa mnapolaza watu palikuwa na kisima. Misafara ilipita ikienda pwani. Wapagazi waliougua ndui, waliougua kuhara, waliachwa ukingoni, wenzao wakajitwika mizigo wakaenda. Walilia wakiita majina ya mama zao. Hakuna aliyekuja." Sauti ikatulia. "Nikaja mimi."

"Ukawafanya nini?"

"Nikawaogesha. Hadi wakaacha kulia."

Mwanaidi alikuwa amejibanza mlangoni, anasoma dua bila kutoa sauti. Yasinta alihisi maji yanapenya kwenye viatu vyake, na alipotazama chini aliona sakafu inameta.

Bibi Anyesi akainua mkono, na sauti yake ikawa kali. "Kwa jina la Mungu aliye hai, toka kwa huyu binti! Si wako. Toka!"

Pazia lilijaa upepo, likanywea. Kisha ile sauti ikauliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kweli kujua:

"Nikitoka, atabaki na nani?"

Yasinta alimtazama kikongwe akisubiri jibu, na jibu halikuja. Bibi Anyesi alijaribu tena, akasali mpaka jasho likamtiririka, akanyunyiza maji yaliyoombewa, akaimba zaburi. Edina alilala vilevile, baridi, akitabasamu. Mwishowe bibi aliinuka akishikilia ukuta.

Barazani alimshika Yasinta mkono. "Mjukuu wangu, nimewatoa waliotumwa kwa chuki. Hao unawakemea, wanakimbia. Huyu hana chuki, na mimi sina cha kumshika nacho. Anakaa pale palipoachwa wazi. Mlete mtu wake. Mtu wake wa damu au wa ndoa, akae, amshike. Nafasi ikijaa, atatoka mwenyewe."

"Na nisipompata?"

Bibi Anyesi alitazama kando. "Mimi narudi nyumbani," alisema. "Usiniite tena kwa jambo hili. Ameniuliza swali, nami nimeshindwa."

Yasinta alimpigia Geofrey palepale. Simu iliita ikakatika. Akapiga tena na tena mpaka ikapokelewa.

"Shemeji, ni nesi Yasinta. Mkeo anakuhitaji."

"Nesi, ninyi mnanificha kitu. Mnasema ugonjwa wake hauambukizi, mbona mnavaa barakoa?"

"Tunavaa tusimwambukize sisi yeye. Wewe huna cha kuogopa kwake. Utanawa, utavaa barakoa, utamshika mkono. Basi. Nakuomba, Geofrey. Hana muda."

Kwa muda akasikia upepo tu, na watu wakiitana mashambani. Kisha sauti ya mwanamume ikalegea.

"Ananitaja?"

"Kila siku," Yasinta alisema. Ulikuwa uongo. Edina alikuwa ameacha kumtaja mtu yeyote.

"Nakuja. Kesho nakuja."

Yasinta aliibandua ile karatasi mlangoni, akaikunjakunja. Alikaa na Edina kadiri alivyoweza, mkono wake bila glovu umeushika ule mkono baridi, lakini kila mara kengele ililia chumba kingine, naye akanyanyuka.

Kesho yake mchana, upepo ukiwa umechachamaa, Geofrey alikuja. Yasinta alimwona akipanda ngazi za baraza, kofia mkononi, shati la drafti lilelile la msimu wa mavuno. Furaha ikamjaa Yasinta, akaenda kumpokea.

"Karibu, shemeji. Karibu sana. Nawa hapo, kuna ndoo."

Alinawa. Alinawa muda mrefu, kiganja kwa kiganja, katikati ya vidole, juu hadi viwikoni. Yasinta akampa barakoa, akaivaa. Hakusema neno, Yasinta alidhani ni aibu. Alipoingia, Edina aligeuza kichwa, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo Yasinta hakuwahi kuiona tangu alipomfahamu.

"Geofrey," alisema. "Umekuja."

Mwanamume aliketi kitandani, akamwinua, akamlaza kifuani pake. Mwanaidi alifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Yasinta alimpima Edina joto: limepanda kidogo! Alitamani kucheka. Aliwaacha, akarudishia mlango kwa heshima, akaenda kwa mzee Batholomeo kumgeuza ubavu.

"Nani kaja kwa jirani?" mzee aliuliza.

"Mumewe, baba."

"Mwenye bahati," alisema Batholomeo, akageukia ukuta. Wanawe walikuwa Morogoro na Dar es Salaam. Simu zao zilikuwa hazipokelewi tena.

Yasinta alikuwa bado anampanga mito alipohisi simu inatetema mfukoni. Akatoa glovu, akapokea.

"Sista," sauti ikasema, nyuma yake honi na watu wakigombana, "samahani sana. Basi limepasua tairi hapa Mbande. Wanasema tutaondoka sasa hivi. Mwambie Edina nipo njiani."

"Nani anaongea?"

"Geofrey, sista. Mume wa Edina."

Hakukumbuka baadaye kama alikata simu au aliiangusha, alichokumbuka ni baraza lililokuwa hatua chache tu siku zote na sasa likawa refu kama njia ya reli, na viatu vyake vikiteleza kwa sababu maji yalikuwa yanatoka chini ya mlango wa Edina, maji masafi, baridi, yakimwagika ngazini na kunywewa na vumbi, na kitasa kilichokataa kugeuka na kisha kikageuka kwa wepesi kana kwamba mtu wa ndani amekubali, na pale kitandani yule mwanamume mwenye shati la drafti alikuwa anamyumbisha Edina taratibu mbele na nyuma, barakoa imemteremka shingoni, na uso wake ulikuwa wa Geofrey kabisa, paji la Geofrey, ndevu za Geofrey, ila maji yalikuwa yanatoka machoni, puani na mdomoni bila kukoma, na mdomo huo ukamwambia Yasinta kwa sauti ya ndani ya pipa, kwa upole uliomtisha kuliko tusi:

"Amelala. Usimwamshe."

Yasinta alipiga kelele. Denis na Petro walipofika mbio walimkuta amepiga magoti juu ya kitanda kilicholowa chapachapa, anakandamiza kifua cha Edina, anahesabu kwa sauti, analia, anahesabu tena. Walimpokea kwa zamu. Walimpa hewa, wakamchoma sindano, wakafanya yote ambayo mikono iliyofunzwa hufanya. Mwili ulikuwa baridi kana kwamba umekufa siku nyingi. Uso ulikuwa wa mtu mwenye furaha.

Denis alitazama maji sakafuni, akatazama mabomba makavu ukutani. Alisema tu, "Andika saa."

Geofrey alifika machweo, amejaa vumbi, amenunua zabibu mfuko mzima. Yasinta alimpokea ngazini, na kwa kitambo alishindwa kuutazama uso ule.

"Nimechelewa," Geofrey alisema alipoona wanavyomtazama. Mfuko ukamshuka mkononi. "Sista, alikufa akijua ninakuja?"

Yasinta alifikiria ukweli wote, akaona hauna mahali pa kuuweka.

"Alikufa akijua umefika," alisema. Mwanamume akaketi pale chini, akalia kwa sauti kama mtoto, na kwa Yasinta kilio kile kilikuwa kizito zaidi kwa sababu alichomwambia kilikuwa kweli.

Walimzika Edina kwao. Chumba kilipuliziwa dawa, godoro likachomwa, na mchungaji na shehe wote wawili wakaja kuomba. Siku zikapita, sakafu ikabaki kavu. Mwanaidi akaanza kuimba tena akipiga deki. Yasinta naye akaanza kulala.

Kisha asubuhi moja alipeleka vidonge kwa mzee Batholomeo, akamkuta ameketi wima, ndevu zimenyolewa, kucha zimekatwa, na kikohozi chake kimetulia. Pembeni ya kitanda palikuwa na kiti kilichosogezwa karibu. Yasinta alisimama mlangoni.

"Baba. Nani alikuwa hapa?"

"Mwanangu mkubwa," mzee alisema. Kisha akatikisa kichwa polepole, akamtazama usoni kwa macho yenye akili timamu. "Hapana. Tusidanganyane. Najua si mwanangu. Nilisikia yote ya jirani kupitia ukuta huu. Najua."

"Basi tutamtoa, baba. Nitatafuta mtu mwingine, nitaenda hata Dodoma mjini, nitatafuta..."

"Usimfukuze."

"Atakuua!"

"Na mimi nilikuwa naishi?" Batholomeo aliuliza. Alinyoosha mkono wake mkavu juu ya blanketi, kiganja juu, kama anayeomba. "Miezi yote hii hakuna aliyeketi kwenye kiti hicho. Ukimfukuza, mwanangu, utakaa wewe?"

Yasinta alitaka kusema ndiyo. Aliona mkono ule unamsubiri, akapiga hatua moja kuufuata, na neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Mwisho wa baraza mgonjwa mpya, aliyeletwa jana yake na ndugu ambao hawakusubiri hata kuaga, alianza kutapika, akaita, "Nesi! Nesi!" Yasinta alikuwa peke yake zamu hiyo.

Akageuka, akakimbia. Nyuma yake, chumbani kwa mzee, alisikia kiti kikivutwa.